Wa Ngapi Kwenu?

Miongoni mwa Wakonzo wa Kasese, mtoto huwa na jina kabla baba na mama yake hawajaonana. Mvulana wa kwanza ni Baluku. Wa pili ni Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira, na nyuma yao wanafuata kina Kabugho, Mbambu na Ithungu. Zipo tofauti za hapa na pale. Nyumba nyingine humwita mvulana wa kwanza Mumbere, na mtoto anayekuja kuvunja mfululizo, mvulana baada ya wasichana au msichana baada ya wavulana, mara nyingi huitwa Muhindo. Lakini mpango wenyewe unajulikana na kila mtu, kuanzia hapa Bulembia kwenye bonde la migodi ya Kilembe hadi Bwera mpakani mwa Kongo. Mimba ikiingia hakiitishwi kikao cha kutafuta jina. Jina lipo tayari. Anayesubiriwa ni mwenyewe.

Mimi si wa huku. Nilizaliwa Tanga, nikaolewa Kasese, na kwetu pwani jina la mtoto lina shughuli yake. Kuna siku saba za kungoja, kuna mbuzi wa akika, kuna shangazi anayetaka jina la bibi yake lirudi, na kuna mjomba ambaye amekwisha kuchagua la nabii. Watu hununiana kwa sababu ya jina. Ndiyo maana nilipoanza kufundisha Kiswahili huku Bulembia, somo lililopata nafasi mpya katika mtaala wa sekondari wa mwaka 2020, daftari la mahudhurio lilinichekesha. Baluku, Baluku, Biira, Bwambale, Masika, Baluku tena, Masika tena. Wageni wanaopitia Kilembe kwenda kupanda milima ya Rwenzori hushangaa vilevile. Wapagazi wanajitambulisha, wawili ni Baluku na wawili ni Bwambale, na mgeni anauliza kama ni ndugu. Hujibiwa kwamba ndiyo, maana kumweleza kungemaliza pumzi za kupandia mlima.

Wenyewe hawapotezani. Darasani kuna Baluku wa Kyanjuki, kuna Baluku Mrefu, kuna Baluku wa gitaa. Watu wazima hutambulishwa kwa walichofanya. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020 na kuivamia hata hospitali ya Kilembe. Ukabeba nyumba na madaraja. Mpaka leo ninaye jirani ambaye hatajwi bila kuongezewa "yule aliyevusha watoto". Jina lake la kuzaliwa wanalo wengi mtaani. Hilo jingine ni lake peke yake, na wazazi wake hawakuwa na mkono ndani yake.

Kadiri ninavyokaa huku ndivyo ninavyouona huo kuwa mgawanyo wa haki. Jina la kuzaliwa linasema umesimama wapi: nani amekutangulia, nani anakufuata. Halikusifu, halikutabirii, halikudai chochote. Sifa utajitafutia mwenyewe. Siku hizi wazazi wengi wa mijini wanahangaika kupata jina ambalo hakuna mtoto mwingine analo. Wanapindua herufi, wanaunganisha nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama. Nia ni njema. Lakini mtoto anakabidhiwa upekee kabla hajafanya lolote la kumtofautisha na wenzake, kisha anabaki na deni la kuufanania. Baluku hana deni hilo. Anaanza na nafasi, na nafasi hiyo haiwezi kuchukuliwa na mtu.

Na Wakonzo hawako peke yao. Pwani tunao Mosi, Pili na Tatu. Tunao Juma na Hamisi waliozaliwa siku zao. Bara kuna Kulwa na Doto, mapacha ambao majina yao hayangoji kushauriana. Warumi wa kale walikuwa na Quintus, wa tano, na Wajapani wanaye Ichirō, mwana wa kwanza. Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi ni wa Kofi Atta Annan, Mghana aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 1997 hadi 2006. Kofi ni mvulana aliyezaliwa Ijumaa. Atta ni pacha. Annan ni mzaliwa wa nne. Mtu aliyezungumza kwa niaba ya dunia nzima hakuwa na neno hata moja katika jina lake lililosema kuwa yeye ni mkubwa. Lote lilisema alikuja lini, alikuja na nani, na alikuja baada ya wangapi.

Hapa hapa Kasese, majirani zetu Wasongora na Watooro wana njia yao ya kufika mahali palepale. Kila mtu, pamoja na majina yake mengine, hupewa empaako, na empaako zote hazizidi dazeni: Abwoli, Adyeri, Akiiki, Amooti, Araali, Apuuli, Atwoki na wenzao. Ndilo jina la kusalimiana, la kubembeleza, la kumheshimu mtu bila kumweka mbali. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni huo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtu aliyezoea kudhani kwamba kazi ya jina ni kumtenga mmoja na wengine atayaona majina kumi na kitu kwa mamilioni ya watu kuwa ni umaskini. Anayeamka asubuhi akaitwa Akiiki na mke, na muuza maziwa, na hakimu, hajioni maskini.

Kuandika na kutamka ni habari nyingine. Mswahili wa pwani, aliyelelewa na thamani na thelathini, akiona Thembo kwenye karatasi atautoa ulimi katikati ya meno. Wenyewe wanatamka t, ulimi ukiwa nyuma ya meno, basi. Kwa upande mwingine, gh ya Kabugho haimpi shida mtu wa Tanga aliyekwisha kuzoea ghali na ghorofa, ilhali wengi waliokulia Kampala huilainisha ikawa g. Kila lugha ina sauti inazozidharau na sauti zinazoishinda, na jina la mtu ndipo mahali pa kwanza jambo hilo huonekana. Mwanafunzi akikosewa neno la kawaida hucheka; akikosewa jina huinama.

Vuka mto Lhubiriha pale Mpondwe, ingia Kasindi, endelea hadi Beni na Butembo. Watu ni walewale, ingawa huko wanaitwa Wanande, na orodha ni ileile katika maandishi mengine. Baluku ni Paluku, Bwambale ni Kambale, Masereka ni Kasereka, Kule ni Kakule, Thembo ni Katembo, Kabugho ni Kavugho. Mbusa habadiliki, ndilo jina la mwanasiasa wa Kongo Antipas Mbusa Nyamwisi. Mpaka uliafikiwa na Waingereza na Wabelgiji mwaka 1910, wakaugawa ukoo bila kuuliza ukoo. Katika harusi ya jamaa za mume wangu nimewaona Bwambale wa Bwera na Kambale wa Beni wakisalimiana kwa furaha ya watu wa jina moja. Kwenye vitambulisho vyao jina hilo linaanza kwa herufi tofauti. Wao hawakuwa wakisomana vitambulisho.

Majina ya ubatizo ndiyo yaliyoonja makali ya mpaka huo. Petero wa upande huu ni Pierre upande ule. Kisha mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo katika nchi ambayo alikuwa ameshaibadilisha jina kuwa Zaire. Yeye mwenyewe aliliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na Kadinali Malula wa Kinshasa alipopinga, ikambidi akakae Roma uhamishoni kwa muda. Ng'ambo ya Lhubiriha watoto wakaacha kuandikishwa Pierre na Marie, huku binamu zao wa Bwera wakiendelea kubatizwa kama kawaida. Lakini amri hiyo iliyotikisa nchi haikuwapa kina Kambale na Kavugho kazi ya kubuni chochote. Jina la juu liliondolewa, la chini likabaki pale lilipokuwa. Utawala ulipolegea majina ya ubatizo yalirudi, na orodha haikuwa imeruka hata namba moja. Nadhani hii ndiyo nguvu ya jina ambalo halikutolewa na mtu mmoja: hakuna mtu mmoja wa kulifuta.

Tazama juu ya vichwa vyetu uone kinyume chake. Vilele vya Rwenzori vinaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi. Kile kirefu kuliko vyote, mita 5,109, kinaitwa Margherita, kwa sababu mwaka 1906 mwana wa ufalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alifika juu akakitunuku jina la malkia mama wa nchi yake. Ziwa lililo kusini mwa Kasese lilipewa na Stanley jina la Edward, mwana wa malkia wa Uingereza. Miaka ya 1970 Idi Amin akalipa jina lake mwenyewe, na alipoondoka jina likaondoka naye. Wote hao walitaka jina moja lisimame peke yake mahali pakubwa, lisemwe na watu wasiomjua mwenyewe. Na waliobeba mizigo kupanda huko, kizazi baada ya kizazi, ni watu wa orodha.

Orodha haina kiti cha wafalme. Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu, aliongoza vuguvugu la Rwenzururu lililojitangazia utawala wake mwaka 1962, Wakonzo na Waamba walipochoka kuwa chini ya ufalme wa Tooro. Alipofariki mwaka 1966 nafasi ilimwangukia mwanawe, kijana mdogo aliyeitwa Charles Mumbere. Kijana huyo alishuka mlimani kwa mapatano mwaka 1982, akaenda Marekani, akaishi kwa kuhudumia wagonjwa na wazee Pennsylvania, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikamtambua kuwa Omusinga, yaani mfalme. Yaliyofuata yana machozi mengi, na si ya kusimuliwa kwa sentensi moja. Ninachotaka kusema hapa ni kidogo: jina la Mumbere alilokuwa nalo akiwahudumia wazee wa Pennsylvania ndilo aliloitwa ngoma zilipopigwa, na ndilo analoitwa mvulana anayechunga mbuzi nyuma ya shule yetu. Hakuna aliyelazimika kulipandisha wala kulishusha.

Katika miaka ile ya Tooro, herufi moja ilikuwa na uzito. Watoto wa mlimani walisomeshwa kwa Kitooro, na vitabu vya serikali viliwaandika Bakonjo, kwa j, kama walivyotamkwa na wengine. Wao hujiita Bakonzo. Mgeni atasema tofauti ya nj na nz ni ndogo mno kugombaniwa. Ni ndogo kweli kwa asiyeitwa hivyo. Aliyeitwa vibaya shuleni, mahakamani na kwenye karatasi ya kodi anajua kwamba kukataa kulitamka jina la mtu anavyolitamka mwenyewe ni njia ya kumwambia kuwa masikio yako yana kazi muhimu zaidi. Tangu nijue hilo, siku ya kwanza ya muhula siiti majina. Kila mwanafunzi analitaja lake, darasa zima linalirudia, na mwenye jina ndiye anayesema kama tumepatia.

Lakini swali lililonifundisha zaidi niliulizwa Bwera, jikoni kwa mama mkwe wangu, nilipopelekwa kutambulishwa. Mama mkwe ni mfanyabiashara wa Mpondwe. Kiswahili chake ni cha Kongo, hakina mapambo, na humaliza mambo haraka. Alikuwa akisonga obundu, ugali wa muhogo, hata hakugeuka.

"Wewe ni wa ngapi kwenu?"

"Wa pili, mama. Ndiyo maana naitwa Pili."

"Basi wewe ni Biira." Akaendelea kusonga. Halafu akauliza, "Na Masika wenu yuko wapi?"

Nikamwambia hayupo. Mama yangu alijifungua mtoto wa kike kabla yangu, na mtoto yule alifariki kabla ya siku ya saba. Akika haikufika, jina hakulipata. Nyumbani anatajwa mara chache, na akitajwa huitwa "yule wa mwanzo".

Mama mkwe akausimamisha mwiko. "Hawakumpa jina, lakini alikuwa nalo," akasema. "Ni Masika. Wewe ungekuwaje Biira bila yeye?"

Sikuwa na jibu, wala hakuwa akilingoja. Nimelifikiria neno lile mara nyingi tangu siku ile. Dini yetu haimkatazi mzazi kumpa mtoto jina siku ya kwanza. Kungoja siku ya saba ni mazoea tu, na mazoea yale yana busara yake. Ila nadhani ndani yake kuna hofu ya zamani pia, hofu ya kumzoea mtoto kabla hajathibitisha kuwa amekuja kukaa. Kwa mama mkwe mtoto hathibitishi chochote. Akizaliwa ameshaingia kwenye hesabu, na hesabu hairudi nyuma hata akikaa siku moja. Zipo nyumba huku ninazozijua ambamo mkubwa aliye hai ni Bwambale. Hakuna anayeuliza kwa mshangao Baluku yuko wapi, na hakuna anayejifanya hakuwahi kuwapo. Jina la mdogo linatosha kumshuhudia mkubwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa mama yangu. Angeweza kuniita Mosi akaanza upya, na hakuna jirani ambaye angemhoji. Aliniita Pili. Miaka yote ile nilidhani ni jina la watu wasiotaka kusumbuka, jina la namba, na nilipokuwa msichana nililionea haya mbele ya wenzangu walioitwa kwa majina ya maua na malkia. Kumbe kila aliponiita kutoka uani alikuwa akihesabu watoto wawili. Nilimpigia simu nikamweleza kuwa huku mwanawe wa kwanza anaitwa Masika. Akanitaka nilirudie. Akalitamka mwenyewe, akauliza kama amepatia, nikamwambia amepatia, tukaendelea na habari za bei ya sukari.

Sisemi kwamba mpango huu hauna taabu. Tangu Uganda ianze kuandikisha watu kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2014, kila fomu inataka jina la ukoo, na Wakonzo wa zamani hawakuwa na jina la namna hiyo. Baluku na Bwambale wa tumbo moja hawana jina la pamoja. Wakiomba viza, afisa anataka wathibitishe undugu. Wakifungua akaunti benki, wanakutana na wengine chungu nzima wenye majina yaleyale na tarehe za kuzaliwa zinazokaribiana. Kwa hiyo siku hizi wazazi wengi huwapa watoto wote jina la baba, na wapo wanaoiacha orodha kabisa, kwa kuona kwamba ni mambo ya kijijini. Siwalaumu. Aliyewahi kurudishwa dirishani kwa sababu ya jina hahitaji mahubiri yangu kuhusu urithi.

Sisi tulipopata mtoto wetu wa kwanza, wa kike, hakukuwa na mjadala juu ya jina moja. Lilikuwa limekwisha kujulikana. Tukaongeza la Kiislamu ili Tanga nao wawe na la kuita, tukaongeza la babu yake ili fomu zitulie. Nafasi kwenye karatasi zilitosha. Nilichojifunza ni kwamba ugomvi baina ya jina la kimila, la dini na la serikali mara nyingi si ugomvi wa majina. Ni wa watu wanaotaka moja liyafute mengine. Mtu anaweza kubeba matatu bila kuelemewa, mradi kila moja lijue kazi yake. La serikali linamtofautisha na wengine. La dini linamkabidhi kwa Mola wake. La orodha linamweka katikati ya ndugu zake, walio hai na wasio hai.

Kwa hiyo nikiulizwa na mzazi kijana, na ninaulizwa, atafute jina la namna gani, simwambii atafute zuri wala la pekee. Namwambia achague jina ambalo mtoto akiulizwa habari zake atalazimika kumtaja mtu mwingine: aliyemtangulia, aliyezaliwa naye, aliyemrithi, siku iliyompokea. Hayo mengine, ya kumfanya awe yeye na si mwenzake, amwachie mtoto. Atakuwa na maisha mazima ya kuyafanyia kazi.